Chuma Pasipo Shimo, na Shimo Pasipo Chuma

Katika nchi ya Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, liko pande la chuma lipatalo mita 3 kwa urefu. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 hadi 16. Halikuchimbuliwa mgodini wala halikuyeyushwa na mhunzi. Lilianguka kutoka angani. Wenyeji walilijua tangu zamani, ila hapana aliyeacha habari ya siku lilipoanguka, na wataalamu wa nchi za mbali walipata kulisikia mwaka 1930. Chuma chake kimechanganyika na nikeli, kama ilivyo desturi ya vimondo vya chuma. Mtu alitazamaye huona jambo moja la ajabu: kitu kizito namna hiyo, kilichotoka juu namna hiyo, hakikuacha shimo la maana. Handaki linalokizunguka leo lilichimbwa na watu ili kimondo kionekane chote.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani. Katika nyika kavu ya Arizona, baina ya miji ya Flagstaff na Winslow, ardhi tambarare yakatika ghafula na kuwa shimo la mviringo lenye upana wa mita 1,200 hivi na kina cha mita 170. Jumba la ghorofa 40 lingeweza kusimama ndani yake, na mtu aliye nje uwandani asilione paa. Ukingo wake umeinuka mita 45 juu ya uwanda, nao umefanywa kwa mapande ya mawe ya chokaa na mawe ya mchanga, mengine makubwa kama nyumba. Kandokando yake, kwa kilomita nyingi, huokotwa vipande vya chuma chenye nikeli, ndugu wa kile cha Mbozi. Lakini ndani ya shimo lenyewe, mahali ambapo mtu angetazamia kumkuta mama wa vipande hivyo, hapana kitu.

Basi huku tuna chuma pasipo shimo, na kule tuna shimo pasipo chuma. Mtoto akiulizwa atasema kwamba jambo hili ni kinyume: kimondo kikubwa zaidi ndicho kilichostahili kubaki. Watu wazima wenye elimu nyingi walisema vivyo hivyo kwa muda wa miaka karibu 40, na mmoja wao alitoa sehemu kubwa ya mali yake na miaka 27 ya umri wake katika kumtafuta mama huyo wa chuma. Habari zao zastahili kusimuliwa, kwa kuwa hawakuwa wajinga. Walijua hesabu za risasi na mizinga. Na hesabu hizo zilikuwa sahihi kwa risasi na mizinga.

Habari ya ukubwa wa vitu ni kongwe. Mwaka 1638 Galileo, yule bingwa wa Italia, alitoa kitabu ambamo alionyesha kwa nini mifupa ya mnyama mkubwa haiwezi kuwa mifupa ya mnyama mdogo iliyorefushwa tu. Sababu yake mwanafunzi yeyote aweza kuihakikisha kwa kalamu. Chukua mchemraba wa chuma wenye upande wa sentimeta 1, kisha uufanyie ndugu mwenye upande wa sentimeta 10. Uso wa yule mkubwa ni mara 100 ya uso wa mdogo, lakini ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, ni mara 1,000. Virushe vyote viwili kwa kasi moja vigonge ukuta. Ukuta humzuia kila mmoja kwa kadiri ya uso anaougusa, ilhali msukumo hutokana na uzito. Kila sehemu ya uso wa mkubwa ina nyuma yake uzito mara 10 wa kuisukuma. Hivyo mkubwa huzama ndani zaidi, mara 10 hivi.

Wapiga mizinga walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla hawajalijua kwa hesabu. Ndiyo sababu wafalme waliokuwa wakizingira maboma walitaka mizinga minene, wala hawakuridhika na wingi wa mizinga myembamba: risasi ndogo 1,000 huchubua ukuta, na tufe moja lenye uzito wa zote huubomoa. Aliyeingiza kipimo katika kazi hii ni Mwingereza Benjamin Robins. Katika kitabu alichotoa mwaka 1742 alieleza jinsi ya kuning'iniza gogo zito kama bembea, kulipiga risasi, na kupima limerudi nyuma kiasi gani. Kwa kipimo hicho akaijua kasi ya risasi. Alipiga pia mbao akatazama risasi zimezama kiasi gani. Katika kazi kama hizo ilipatikana kanuni iliyotumika kwa vizazi vingi: kina cha tundu hukua pamoja na unene wa risasi, hukua pamoja na uzito wa maada yake, na kasi ikizidi mara 2 kina huzidi mara 4.

Tena iko kanuni nyingine nyepesi, ambayo tutaihitaji mbele. Kitu chenye kasi kubwa mno hupoteza mwendo wake kikishasukuma mbele yake maada yenye uzito ulio sawa na wake. Chuma ni kizito karibu mara 3 ya mawe ya chokaa. Kwa hiyo tufe la chuma liendalo kasi sana huingia mwambani kiasi cha mara 3 ya unene wake, au pungufu, kisha husimama. Katika kanuni hii kasi yenyewe imetoweka. Kilichobaki ni ukubwa wa tufe na uzito wa maada mbili zinazokutana. Wapiga mizinga hawakuijali sana, maana mizinga yao haikufikia kasi ambayo kanuni hii huanza kutawala. Mtego ulikuwa papo hapo. Kutoka risasi ya bunduki hadi tufe la mzinga, sheria ya Robins haikuvunjika. Nani angedhani kwamba ukipanda ngazi zaidi utafika mahali ambapo ngazi imekwisha?

Mwaka 1891 bwana mmoja muuza madini wa Philadelphia, Albert Foote, aliwaeleza wataalamu juu ya vipande vya chuma vilivyookotwa karibu na shimo la Arizona, akasema kwamba ndani ya kimoja kulikuwa na chembe za almasi. Grove Karl Gilbert, mkuu wa wanajiolojia wa serikali ya Marekani, aliposikia kuwa chuma hicho kimezunguka shimo, alishikwa na hamu. Alikuwa mtu wa akili pana. Miezi michache baadaye aliutazama mwezi kwa darubini usiku baada ya usiku, akasema kwamba mashimo yake yamefanywa na vitu vilivyougonga, wakati ambapo karibu watu wote walidhani ni volkano. Hapakuwa na mtu aliyefaa zaidi kulitambua shimo la Arizona.

Gilbert alienda huko na vipimo viwili. Alifikiri hivi: ikiwa nyota ya chuma imejizika humu, basi sehemu ya shimo imejazwa na chuma hicho, na mawe yaliyotupwa ukingoni yatakuwa mengi kuliko nafasi iliyobaki wazi. Tena, chuma kingi namna hiyo hakiwezi kukaa chini bila kuivuta sindano ya dira. Watu wake wakapima ukingo, wakapima shimo, wakatembeza dira juu na chini. Mawe ya ukingoni yalitosha kabisa kulijaza shimo, bila kuzidi. Sindano ya dira haikutikisika. Gilbert akakubali hukumu ya vipimo vyake. Kwa kuwa nchi ile ina volkano nyingi zilizozimika, akasema kwamba maji ya chini ya ardhi yaligusana na moto wa volkano, mvuke ukashikana, ukapasua mwamba. Vipande vya chuma vilivyolizunguka shimo vilikuwa, kwa maneno yake, hapo kwa bahati tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1896, na kwa heshima aliyokuwa nayo, shauri likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mimi nadhani Gilbert alitenda kama mtaalamu apaswavyo kutenda: aliuliza swali, akapima, akaacha dhana aliyokuwa akiipenda. Vipimo vyake vilikuwa safi. Kosa lilikuwa katika sentensi iliyotangulia vipimo, ile isemayo kwamba nyota iliyochimba shimo lazima iwe bado imo shimoni. Sentensi hiyo hakuipima, maana haikumjia kwamba yahitaji kupimwa. Risasi hupatikana ndani ya ubao. Tufe hupatikana ndani ya ukuta.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1902, habari za shimo zilimfikia Daniel Moreau Barringer. Huyu alizaliwa mwaka 1860, akasoma sheria, kisha akageukia kazi ya madini, akatajirika kwa mgodi wa fedha huko huko Arizona. Alikuwa na ujasiri wa mchimbaji, na ukaidi wake pia. Aliposikia kwamba pana shimo limezungukwa na chuma chenye nikeli, hakushughulika na maneno ya Gilbert. Kabla hajaliona shimo kwa macho yake aliingia katika shauri la kulimiliki, na mwaka 1903 yeye na rafiki yake Benjamin Chew Tilghman, mjuzi wa hesabu na fizikia, wakaunda kampuni ya kutafuta chuma. Walitumaini kukuta mamilioni ya tani, na nikeli ndani yake ilikuwa ya thamani kubwa. Kwa hesabu hiyo, chini ya vumbi lile palikuwa na utajiri wa kumpita mfalme.

Wakaanza kutoboa sakafu ya shimo, katikati, kama ambavyo mtu angetoboa ubao nyuma ya tundu la risasi. Wakakuta tope, kisha mchanga uliojaa maji, kisha kitu ambacho wachimbaji walikuwa hawajakizoea: unga mweupe laini kama unga wa mahindi uliopepetwa, nao ulikuwa ni jiwe la mchanga lililosagwa chembe kwa chembe. Chini zaidi wakakuta mwamba umetulia kama ulivyokuwa tangu zamani, bila dalili ya moto wa volkano. Mwaka 1906 Barringer na Tilghman walitangaza hoja zao. Hapana mawe ya volkano shimoni. Mwamba wa chini haukuguswa, hivyo nguvu ilitoka juu. Chuma kimechanganyika na mawe ya ukingo, hivyo vyote viwili vilianguka wakati mmoja. Unga ule hauwezi kufanywa na mvuke. Hoja hizo ni imara hata leo. Kwa habari ya mahali nguvu ilipotoka, Barringer alikuwa na haki, na wakubwa wa elimu ya miamba wa siku zake, ambao wengi wao hawakutaka hata kumjibu, hawakuwa nayo.

Lakini chuma hakikuonekana. Barringer akatafuta sababu, na sababu aliyoipata yatuonyesha jinsi mawazo yake yalivyokuwa. Alichukua bunduki, akapiga risasi katika matope kwa mshazari, akaona kwamba tundu latoka mviringo hata kama risasi imeingia kwa upande. Basi, akasema, shimo kuwa mviringo si ushahidi kwamba kimondo kilishuka wima; huenda kilitoka kaskazini, kikajizika chini ya ukingo wa kusini. Tazama, msomaji, jinsi hoja hii ilivyo nzuri, na jinsi inavyompoteza. Aliiuliza risasi ya gramu chache imweleze tendo la mlima, na risasi ikajibu kwa lugha yake ya udogo.

Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa ya madini ilitoboa kutoka ukingo wa kusini. Chombo kiliposhuka kiasi cha mita 420 kilikwama, kikakataa kwenda mbele wala kurudi, na Barringer akaamini kwamba hatimaye kimeuma kimondo. Fedha za kampuni ile zikaisha. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni nyingine, ikaanza kuchimba shimo la mgodi ili watu washuke wenyewe, maji yakafurika. Zaidi ya dola 600,000 zilikuwa zimezama katika nyika ile, na wakurugenzi, kabla ya kutoa nyingine, wakataka kujua jambo ambalo lingefaa kuulizwa mwanzo: kimondo hicho kilikuwa na uzito gani?

Aliyeulizwa ni Forest Ray Moulton, bingwa wa elimu ya nyota. Jibu lake lilifika Agosti 1929. Kimondo, alisema, hakikuwa na mamilioni ya tani. Tani 300,000 zilitosha kulichimba shimo lote. Tena hizo chache hazikubaki: nguvu iliyokuwa ndani ya mwendo wake iligeuka joto kwa mara moja, na chuma kikawa mvuke. Barringer na wafuasi wake walibisha kwa nguvu. Moulton akaandika taarifa ya pili, kurasa 127, iliyofika mwezi wa Novemba, naye hakuacha mwanya. Kazi ya kuchimba ikasimamishwa. Tarehe 30 Novemba 1929 Barringer alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69.

Hesabu ya Moulton si ngumu kuifuata. Kitu kinachoivamia dunia kutoka mbali hakiwezi kuja kwa kasi iliyo chini ya kilomita 11 kwa sekunde, maana mvuto wa dunia peke yake humpa mgeni kasi hiyo. Tuseme kimondo cha Arizona kiligonga kwa kilomita 12 kwa sekunde. Wengine wa siku hizi hukadiria hata 20. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito ikizidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi tena. Kwa kilo 1 ya chuma twapata jouli milioni 72. Kilo 1 ya baruti kali ya TNT ikilipuka hutoa jouli milioni 4 na kidogo. Basi kila kilo ya kimondo ilichukua ndani yake nguvu ya kilo 17 za baruti, ingawa haikuwa baruti. Tani 300,000 zilikuwa sawa na tani milioni 5 za TNT. Na kuigeuza kilo 1 ya chuma kuwa mvuke kwahitaji jouli milioni 8 hivi, sehemu ndogo tu ya zile milioni 72.

Risasi ya bunduki iendayo mita 800 kwa sekunde ina jouli 320,000 tu katika kila kilo yake. Kiasi hicho hakitoshi hata kuiyeyusha ikiwa ya chuma. Ndiyo maana risasi hubaki risasi. Huchimba kwa ncha yake, husukuma, hupasua, kisha hulala ndani ya tundu ililolifanya. Kati ya risasi na kimondo cha Arizona kazi yenyewe imebadilika: cha kwanza hutoboa, cha pili hulipuka. Kama mtu angaliweka baruti yenye nguvu ile chini ya uwanda wa Arizona akaiwasha, angalipata shimo la mviringo, ukingo uliopinduka, na unga wa mwamba. Na hapana mtu ambaye angechimba shimo la baruti akitumaini kuikuta baruti.

Moulton hakuwa wa kwanza kuona hivi. Mwaka 1916 Ernst Öpik, kijana wa Estonia, aliandika jambo hilo katika jarida ambalo wachache walilisoma. Mwaka 1924 Algernon Gifford, mwalimu wa hesabu katika shule ya wavulana huko Wellington, New Zealand, alionyesha kwamba vimondo viugongavyo mwezi lazima vilipuke, na kwamba ndiyo sababu mashimo ya mwezi ni mviringo, hata kama vilikuja kwa mshazari. Mwalimu wa shule, akiwa na ubao na chaki, alikuwa na jibu ambalo lingemwokolea Barringer gharama za miaka yake ya mwisho.

Lakini kasi peke yake haitoshi kutegua kitendawili chetu, maana kimondo cha Mbozi nacho kilitoka huko huko mbali, na kiliingia angani kwa kasi ya namna hiyo hiyo. Hapa ndipo ukubwa unapotoa hukumu. Hewa iliyo juu ya kila mita mraba ya ardhi ina uzito wa tani 10 hivi. Kumbuka kanuni ile nyepesi: kitu hupoteza mwendo wake kikishasukuma maada yenye uzito sawa na wake. Tufe la chuma la tani 16 lina kipenyo cha mita 1 na nusu na kidogo. Ukiugawanya uzito wake kwa eneo la uso wake wa mbele, wapata tani 8 kwa kila mita mraba. Hewa ina tani 10. Basi hewa ilimshinda. Ilimvua mwendo wake wa angani, akamalizia safari kama jiwe lililotupwa kutoka kilele kirefu, akatua udongoni mzima. Tufe la tani 300,000 lina kipenyo cha mita 42 hivi, na nyuma ya kila mita mraba ya uso wake zipo tani zaidi ya 200. Kwake hewa ni utando wa buibui. Wataalamu wa leo huamini kwamba jabali lile lilianza kupasuka kabla ya kufika chini, lakini sehemu kubwa ilifika na kasi yake.

Kimondo kikubwa kuliko vyote vilivyohifadhiwa ni kile cha Hoba, nchini Namibia, ambacho mkulima alikigonga kwa jembe la kukokotwa mwaka 1920. Kina tani 60 hivi, nacho hakina shimo. Kikizidi hapo sana, chuma huanza kujiangamiza. Kwa hiyo ukubwa wa kimondo kinachoweza kubaki kizima una mpaka, na Barringer alikuwa akitafuta kitu kilichoupita mpaka huo maelfu ya mara.

Ilibaki kupatikana ushahidi ambao mtu aweza kuushika mkononi. Huo ulikuja kwa njia ambayo si ya kufurahisha: mabomu ya nyuklia. Mwaka 1955, katika jangwa la Nevada, Wamarekani walilipua chini ya ardhi bomu lenye nguvu ya tani 1,200 za TNT, likafanya shimo la upana wa mita 90 hivi. Kijana mwanajiolojia, Eugene Shoemaker, alilichora shimo hilo kwa uangalifu, akalichora na lile la Arizona, akaona kwamba moja ni mfano mdogo wa jingine. Katika yote mawili matabaka ya mwamba ukingoni yamekunjuliwa nje, lililokuwa chini likawa juu, kama ukurasa uliofunuliwa. Mwaka 1960 yeye na wenzake walitangaza kwamba ndani ya mawe ya Arizona imepatikana koesiti, namna ya mchanga uliobanwa mno, ambayo Loring Coes aliitengeneza mara ya kwanza katika maabara mwaka 1953. Haifanyiki ila kwa shinikizo la makumi ya maelfu ya mara ya lile la hewa, na mvuke wa volkano hauna nguvu hizo. Maneno ya Gilbert yakafungwa.

Mwanafunzi apendaye hesabu aweza kulinganisha mashimo hayo mawili mwenyewe. Upana wa Arizona ni mara 13 ya ule wa Nevada. Kama kukuza kungekuwa ni mchemraba tu, nguvu ingehitaji kuwa mara 2,200 hivi, yaani chini ya tani milioni 3 za TNT. Makadirio ya leo kwa kawaida ni makubwa kuliko hayo. Sababu moja ni kwamba katika shimo dogo adui ni ugumu wa jiwe, na katika shimo kubwa adui ni uzito wa jiwe. Kifusi cha shimo lenye upana wa mita 90 chahitaji kuinuliwa kidogo tu ili kitoke. Kifusi cha shimo la mita 1,200 kitainuliwa zaidi ya mara 10 ya hapo, na kila hatua ya kuinua ina gharama yake. Mwamba nao hauwi na ugumu mmoja kwa vipimo vyote. Kipande cha ukubwa wa ngumi chaweza kuwa hakina ufa, ila mlima wa jiwe hilo hilo una nyufa zisizohesabika, na kwa hiyo, kwa kadiri ya ukubwa wake, ni dhaifu kuliko kipande chake.

Bara letu limebeba mifano mikubwa zaidi. Ziwa Bosumtwi nchini Ghana limelala katika shimo la upana wa kilomita 10 na nusu, lililochimbwa na kimondo zaidi kidogo ya miaka milioni 1 iliyopita. Huko Vredefort, Afrika Kusini, miaka milioni 2,000 iliyopita, jabali lenye upana wa kilomita nyingi lilifanya shimo ambalo mwanzo hukadiriwa kuwa la kilomita 250 hadi 300. Katika kipimo hicho ugumu wa mwamba hauna neno la kusema. Mwamba ulitiririka kama maji, kuta zikaporomoka, sakafu ikaruka juu kama tone linavyoruka kikombe kikidondoshewa maziwa, ikaganda hivyo. Na vilima vilivyobaki huonekana leo vimejipanga kwa mviringo.

Turudi Arizona mara moja tu. Ukoo wa Barringer bado wamiliki wa shimo, na wageni hulipa ili kulitazama. Katika miaka ya 1960 wanaanga waliokuwa wakijiandaa kwenda mwezini walitembezwa humo ili wazoee nchi ya mashimo. Na chuma? Mwaka 1946 Harvey Nininger, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya vimondo, alipita uwandani nje ya shimo akiwa na sumaku, akiipitisha katika udongo. Kila mara ilitoka na chembe ndogo za mviringo, nyingi zisizozidi punje ya mchanga kwa ukubwa. Ulikuwa ni mvuke wa kimondo, uliopoa hewani ukanyesha kama mvua ya chuma. Ukizikusanya zote zilizomo katika udongo ule wapata maelfu ya tani, zimelala juu juu, mahali ambapo wachimbaji wa Barringer walipita kila asubuhi na vyombo vyao wakielekea shimoni.